Dakika Mbili za Heroe

Sijui kama haya yafaa kuandikwa. Nimesoma hadi kidato cha pili, na daftari hili nililinunua la kutilia tarehe za harusi za watu, si mambo yangu mwenyewe. Lakini kila nikiyasimulia kwa mdomo nacheka kabla sijafika katikati, na wifi yangu hapo huingilia akayamalizia kwa namna ya kujipendelea. Basi nayaandika. Pale ambapo wifi alikuwa na haki, nitasema alikuwa na haki, ingawa itaniuma.

Kazi yangu ni kupiga video za kupamba. Kwetu Malindi na Mambrui, siku ya kupamba ni ya wanawake peke yao. Bibi harusi hukalishwa juu akatazamwa, na wanaomtazama nao wameshavua mabuibui, wamebaki na nguo zao za kumetameta na nywele wazi. Mwanamume hakanyagi. Mlangoni hukaa mama mmoja na kikapu, anakusanya simu za kila aingiaye. Kamera inayopita kikapu kile ni moja tu, nayo ni yangu, kwa kuwa mimi ni mwanamke na kwa kuwa watu wanajua picha zao hazitoki kwangu kwenda kokote. Ni kazi ya heshima, siilalamikii. Ila miaka tisa nimefanya kazi ndani ya kumbi, chini ya taa mbili kubwa, nikisema “inua kidevu, bibi,” na “geuka kidogo,” na sikuwahi kupiga kitu chochote kinachoota au kutembea chini ya jua.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, walikuja Malindi mtu na mkewe, watu wa bara, wanaotengeneza filamu za wanyama. Mume hupiga picha, mke hurekodi sauti. Walikuwa wamepanga nyumba Matsangoni, karibu na msitu, na wakatangaza mafunzo ya siku mbili kwa yeyote wa hapa mwenye kamera. Tulikwenda saba. Mwanamke ni mimi peke yangu, na begi langu lilikuwa likinukia udi wa harusi ya Jumapili hata aliyekaa mbele yangu akageuka kutazama nani amekuja.

Mwalimu (ndivyo tulivyomwita yule bwana) alizungumza maneno machache. Alisema usimfuate ndege. Tafuta anapopita, kaa, mngojee. Jua liwe mgongoni mwako. Kamera iwe chini, usawa wa macho yake. Picha ikishakaa sawa, bonyeza, ondoa mkono, usiguse tena. Halafu akatuonyesha ukutani ndege mdogo akimlisha kinda wake. Dakika nne nzima, hakuna kilichokatwa. Hakuna aliyemwambia ndege yule ainue kidevu, naye alikiinua mwenyewe, akakishusha, akakiinua. Chai yangu ilipoa mkononi ikaingia nzi, nami sikumwona mpaka nilipoinywa.

Mwisho wa siku ya pili mwalimu akasema anahitaji msaidizi mmoja wa miezi mitatu, msituni na huku mdomoni mwa Mto Sabaki. “Mniletee dakika mbili,” alisema. “Bila kukata, bila kamera kutikisika. Ndege wa porini akifanya jambo lake kama vile hamko. Jumatatu, nyumbani kwangu.”

Niliitaka kazi ile hata nikaona aibu. Nilitazama wenzangu sita. Wawili walikuwa na kamera za kuruka angani. Mmoja, kijana wa Kilifi, picha zake zilikuwa kali kuliko zangu, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, tena alinionyesha kwa upole jinsi ya kulegeza mguu wa stendi yangu uliokuwa umeganda tangu niinunue. Mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa na subira ya kungoja bibi harusi apakwe wanja. Sikujua kama hiyo inahesabiwa.

Alhamisi nilijaribu juu darini kwetu, kwenye paa tambarare. Kunguru alitua ukingoni, akaanza kuchokoa mfupa wa samaki, jua mgongoni mwangu, kila kitu kama nilivyofundishwa. Nikabonyeza. Halafu nikasikia mtu anasema kwa sauti, “Geuka kidogo, mamangu.” Alikuwa ni mimi. Kunguru akaenda zake. Nilicheka mpaka mume wangu akapanda kutazama nina nini, naye akasema, “Nenda Mambrui kwa dada yangu. Yeye ndiye ajuaye ndege wa mdomo wa Sabaki.”

Wifi yangu huyo ni mkubwa wangu kwa miaka mitano, amezaliwa Mambrui na ameolewa Mambrui, na mdomo wa Sabaki anaujua kama jiko lake, maana utotoni wakienda huko kuokota chaza. Ijumaa alasiri nilimkuta akikuna nazi. Nikamweleza: nataka heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, waje karibu, wafanye jambo lao, dakika mbili.

“Wakifanya jambo gani?”

“Lolote, wifi. Hata kula.”

“Dakika mbili kula? Kaka yangu ukimpiga picha akila utapata saa mbili nzima.”

Alisema heroe hula kwenye tope maji yakitoka, na maji yakianza kurudi husukumwa kuja juu penye mchanga. Basi tukakae mchangani wakati maji yametoka kabisa, tungoje yajae. Kumbe ni yale yale ya mwalimu, ila yeye hakuyasomea. Sasa swali likawa saa.

Hapa lazima nieleze, kwa kuwa ndipo kosa lilipozaliwa. Sisi huku huhesabu maji kwa tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Ukijua leo mwezi ngapi, unajua maji yatatoka saa ngapi, na kila siku ikipita yanachelewa karibu saa nzima. Tatizo ni kwamba kwao mume wangu hufuata mwezi ulioonekana hapa hapa, na kwetu Malindi baba yangu hufuata ukionekana popote duniani. Mwezi ule tulikuwa tumepishana siku moja.

“Kesho mwezi kumi na mbili,” alisema wifi. “Kumi na mbili maji hutoka kabisa saa mbili asubuhi.”

“Kwetu kesho ni kumi na tatu.”

“Kwenu! Kwani kwenu maji pia hungoja tangazo?”

“Wifi, usianze.”

“Mimi sianzi. Bahari ya Mambrui haina redio, ndilo nisemalo.”

Sikutaka kumkosea, wala sikutaka kumkosea baba yangu ambaye hakuwapo kujitetea. Kwa hesabu yao, saa mbili. Kwa hesabu yetu, saa tatu kasoro dakika kumi. Nikajumlisha nikagawa, nikapata saa mbili na dakika ishirini na tano, nikaiandika daftarini na kuipigia mstari. Niliona nimetenda haki pande zote. Leo nikiutazama mstari ule natamani kuukwaruza. Simu yangu ilikuwa na jedwali la maji ya bandari ya Mombasa, lakini kufungua simu mbele ya mtu aliyezaliwa pale niliona ni utovu wa adabu. Nilipoifungua baadaye, ilikuwa upande wa wifi kwa tofauti ya dakika chache. Mwezi wa nani ulikuwa sahihi sisemi, hilo lina wenyewe. Nasema maji tu.

Jumamosi wifi alinipokea amevaa leso ya rangi ya machungwa yenye maua makubwa.

“Mwalimu alisema nguo za rangi ya vumbi!”

“Wao wenyewe wamevaa waridi, mimi nivae vumbi? Twende.”

Kwa haki, heroe hawakuijali leso yake hata mara moja.

Tulivuka mkondo mwembamba, maji ya kifundo cha mguu, tukafika kwenye fungu la mchanga upande wa bahari, ili jua litukae mgongoni. Mbele yetu tope limetandaa hadi ukingo wa mto, na kule mwisho kabisa mstari wa waridi, kama mtu ameanika mtandio. Nikafungua stendi, nikaishusha chini kabisa, nikaweka kamera. Miguu ya stendi ikaanza kuzama mbele ya macho yangu. Nikaing’oa, nikaipeleka pengine, ikazama tena.

Wifi akatoa ndani ya mfuko aliokuja nao vifuu vitatu vya nazi, akavipindua kimoja kimoja chini ya miguu ya stendi. “Mvalishe viatu,” alisema. “Tope hili lilikunywa ndara zangu wiki jana.” Stendi ikakaa imara kama meza. Mwalimu hakutufundisha hilo, wala mimi nisingelifikiria.

Tukakaa. Kukaa ndiko kulikokuwa kugumu, si kwangu, kwa wifi. Alikaa kimya labda muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha akaanza kunong’ona habari za jirani yake na mbuzi. Nikamwekea kidole mdomoni. Akanyamaza. Akatikisika. Nilipomgeukia, alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, na alipoona namtazama nami nikashikwa. Watu wazima wawili, tumelala kifudifudi kwenye mchanga, nyuso ndani ya mikono, mabega yanaruka. Sijui tulichekea nini. Nadhani tulichekea kwamba hakuna mtu duniani aliyekuwa akituhitaji saa ile.

Kisha ule mtandio ukaanza kusogea.

Walikuja polepole, vichwa chini, wakitembea mbele ya maji yaliyokuwa yakirudi. Kwanza nikaona miguu, halafu nikaona midomo imepinduliwa ndani ya maji, halafu nikasikia. Kumbe wanazungumza, kama wanawake walio chumba cha pili. Walipofika karibu kiasi cha uwanja wa shule, ishirini hivi wakasimama na kuanza kukanyaga. Wanakanyaga mahali pamoja, mguu huu, mguu ule, wanazunguka, kichwa kimebaki chini katikati, sawasawa na mtu anayefua blanketi kwa miguu ndani ya beseni. Nikapiga magoti nyuma ya kamera, maji yameshatuzunguka bila mimi kuyajali. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Nikaondoa mkono.

Nilihesabu moja, mbili, tatu. Kwenye ishirini na kitu nilihisi baridi magotini. Kwenye hamsini baridi ilikuwa mapajani. Ndipo nilipoelewa kwamba kwa hesabu yangu ya haki maji yalikuwa bado ya kifundo, na kwa hesabu ya bahari yalikuwa yamenifikia kiuno nilivyopiga magoti, na buibui langu linaelea pande zote kama mwavuli ulioanguka. Kamera ilikuwa juu ya maji kwa kadiri ya shubiri moja. Ningeinyanyua, ningekata. Nikaendelea kuhesabu. Kwenye themanini na kitu, kifuu cha mbele kikateleza. Sikukigusa. Picha kwenye kioo kidogo ikaanza kushuka, taratibu mno, kutoka vichwani mwa heroe kwenda miguuni mwao, ikasimama hapo, miguu na vivuli vya miguu, vyote vinakanyaga. Nilipofika mia na ishirini sikujiamini, nimekuwa nikikosea hesabu tangu shule. Nikaenda mpaka mia na hamsini, nikazima.

“Imetoka,” nikamwambia wifi. Alikuwa nyuma yangu, begi kichwani, maji mapajani.

Naye, kwa mazoea ya maisha yake yote, mtu akimwambia jambo jema limekamilika, akapiga kigelegele.

Heroe wote wakaruka. Si ishirini wale tu. Wote, mpaka wa kule mwisho, wakafunguka mabawa mekundu na meusi wakapita juu yetu, na maji yakawa waridi kwa chini. Ile ndiyo ingekuwa picha ya siku, na kamera ilikuwa imezimwa. Sikujuta. Nami nilikuwa napiga kigelegele.

Kurudi, mkondo wa kifundo ulikuwa umekuwa wa kiuno. Nilivuka na kamera kichwani, wifi na stendi na begi, tunashikana mkono mmoja mmoja, na kila alipojikwaa alisema, “Sema mwezi ngapi leo! Sema!” Nikasema kumi na mbili. Nilikuwa sina namna.

Jumapili nilikuwa na kupamba, kwa hiyo marudio hayakuwezekana. Niliitazama picha mara moja tu kwenye kioo cha kamera, nikaona inavyoshuka, nikajiambia basi, mwalimu alisema isitikisike, kazi imepata mwenyewe, yule wa Kilifi. Nikafuta chumvi kwa ncha ya leso, nikalala.

Jumatatu nilikuwa wa mwisho kufika Matsangoni. Mwalimu alikuwa barazani, amekunja mguu juu ya mguu, mkewe pembeni na spika mbili ndogo. Akatia kadi yangu kwenye kompyuta.

Sasa, kwenye kazi za kupamba, mimi sauti huitupa yote na kuweka taarabu. Miaka tisa sijasikiliza sauti ya kamera yangu. Jambo hilo nililikumbuka wakati ule spika zilipofunguka, na ikatoka, kubwa na safi, sauti ya wifi yangu.

“Wifi. Wifi, maji.”

Heroe wanakanyaga, wazuri mno.

“Wifi, maji yaja, hebu inuka. Huyu hanisikii. Amekuwa jiwe.” Heroe wanazunguka. “Yule wa mbele ana miguu ya shemeji yangu.” Wanakanyaga. “Na huyo mwalimu wake mbona hakuja mwenyewe akasimama humu? Yuko barazani amekunja miguu.”

Mwalimu akakunjua mguu wake, akauweka chini.

Mkewe alikuwa ameziba uso kwa mikono miwili. Nilidhani amekasirika, mpaka nikaona mabega yanaruka.

“Ya Rabi, shingo yangu,” wifi akaendelea. “Lakini wazuri. Wallahi ni wazuri, sijawahi kuwatazama hivi.”

Hapo picha ikaanza kushuka. Vichwa, mabawa, magoti, maji. Ikasimama kwenye miguu. Mwalimu akainama mbele. Ilipokwisha aliirudisha nyuma, akaitazama kipande kile tena.

“Hapa,” alisema. “Umeishusha kamera polepole kabisa, ukaachia mahali penyewe. Huu ni mkono wa mtu aliyezoea. Nani alikufundisha, dada?”

Ningenyamaza, ningekuwa nimeipata kazi. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikanyamaza kweli, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na pumzi hiyo naiandika pia.

“Sikuishusha,” nikasema. “Ilizama yenyewe. Kifuu kiliteleza. Na vifuu si wazo langu, ni la wifi yangu, huyu aliyekutukana.”

Mkewe hapo akacheka waziwazi. Mwalimu hakucheka. “Kwa nini hukuishika?”

“Ulisema tukibonyeza, mkono usiguse.”

“Na maji yalikuwa wapi?”

Nikamwonyesha kiunoni.

“Ungeondoka.”

“Ningeondoka ningekata.”

Alinyoosha mkono, akaomba kamera yangu. Akaielekeza lenzi kwenye mwanga, akaipindua huku na huku. “Umefuta na nini?”

“Na leso.”

Akafumba macho kama mtu anayeumwa na jino. Akaingia ndani. Nilimtazama mkewe, mkewe akatazama juu kwenye dari, hakunisaidia. Mwalimu akarudi na sinia: pampu ndogo ya mpira ya kupulizia, brashi laini, kitambaa, kichupa cha maji. Kando yake akalaza lenzi yake mwenyewe, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko.

“Chumvi ikikauka haifutwi, inakwaruza,” alisema. “Kwanza puliza. Halafu brashi. Halafu kitambaa chenye unyevu, kutoka katikati kwenda nje. Anza na yako, ukimaliza fanya na hii yangu. Jumatano alfajiri tunaingia msituni, naitaka safi.”

“Mnaingia nyinyi wawili?” nikauliza, kwa sababu mimi ni mtu wa kuambiwa mara mbili.

“Watatu,” alisema mkewe. “Na hiyo sauti usiifute, nipe mimi.”

Nikaishika lenzi yangu kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono mwingine. Mwalimu akaniambia kitambaa nikiweke mezani kwanza. Nikakiweka, nikajifuta viganja kwenye buibui, nikachukua ile pampu nikaanza kupuliza.